Uwongo Uliokaribishwa: Tamthilia, Filamu na Suala la Umiliki wa Imani

Utangulizi

Mtambaji wa ngano katika mwambao wa Afrika Mashariki hakuanza kusimulia kabla ya kuomba ruhusa. Alipotamka "Hadithi, hadithi", hadhira iliitikia "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea". Kwingineko aliita "Paukwa", naye akajibiwa "Pakawa". Aghalabu wahakiki wa fasihi simulizi wameijadili mianzo hii kama kipengele cha fani: ni njia ya kuvuta usikivu na ya kuutenga wakati wa masimulizi na wakati wa kazi. Hata hivyo, mianzo hiyo ina uzito wa kimaadili pia. Ndani yake mna mapatano. Msimulizi anakiri mapema kwamba atakayoyasema hayakutokea, naye msikilizaji anaualika uwongo huo kwa hiari yake, kwa kuwa anautamani utamu wake. Kwa mujibu wa mapatano hayo, hakuna anayedanganya wala anayedanganywa.

Tatizo huzuka ngano inapokwisha. Mtoto aliyeukaribisha uwongo kuhusu sungura na fisi huondoka akiwa na yakini kwamba ujanja hushinda nguvu. Aliyesikiliza kisa cha yatima huondoka akiamini kwamba mama wa kambo ni katili kwa maumbile yake. Uwongo aliualika; imani hii hakuialika. Iliingia pamoja na ule uwongo, kama mtu aingiavyo harusini nyuma ya waalikwa, na hakuna aliyesimama mlangoni kumwuliza jina lake. Leo nafasi ya mtambaji imechukuliwa kwa kiasi kikubwa na filamu, tamthilia za redio na michezo ya televisheni, nayo mianzo ya kuombana ruhusa imetoweka. Mtazamaji akiulizwa kuhusu anachokitazama, jibu lake la kawaida ni kwamba ule ni mchezo tu. Waswahili, kwa upande wao, huonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Makala haya yanachunguza maswali mawili. Kwanza, je, imani iliyomwingia mtu kwa njia ya mchezo ni yake, kwa maana ya kwamba anaweza kuulizwa juu yake na hata kulaumiwa kwayo? Pili, je, mtu anayekusudia kupandikiza imani kwa njia hiyo, hata ikiwa imani yenyewe ni njema, humkosea yule anayepandikizwa? Inadaiwa hapa kwamba mtu halaumiki kwa imani kuingia, lakini analaumika kwa kuiacha ikae bila kuihoji. Na kwamba mtungaji hupimwa kwa nafasi anayomwachia mtazamaji ya kuhoji.

Mzozo wa kale na mapungufu yake

Suala hili lilizua ubishi tangu enzi za Wayunani. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato aliwashutumu washairi kwa kuwa sanaa ya mwigo hulisha sehemu ya nafsi isiyotawaliwa na akili. Mtu anayelia pamoja na mhusika jukwaani, kwa maoni yake, hujizoeza kulia; na mazoea hayo humfuata hadi nyumbani. Aristotle alijibu kwamba tanzia huamsha huruma na hofu ili hisia hizo zitakaswe. Karne nyingi baadaye, mnamo 1817, Coleridge alieleza kwamba msomaji wa ushairi huiweka kando shaka yake kwa hiari, kwa muda tu.

Wanafikra hawa watatu wanatofautiana, lakini kuna jambo moja ambalo hawalitofautishi ipasavyo. Anayeitazama filamu huahirisha shaka kuhusu matukio: hajiulizi kama kweli mtu huyu alizaliwa, alipenda na akafa. Lakini filamu hubeba pia madai ya jumla kuhusu ulimwengu: kwamba wanawake wa namna fulani hawaaminiki, kwamba maskini ni wema kuliko matajiri, kwamba watu wa mahali fulani ni wezi. Shaka kuhusu matukio huahirishwa kwa makubaliano. Shaka kuhusu madai ya jumla huahirishwa bila makubaliano yoyote, kwa sababu tu imekaa mlango mmoja na ile ya kwanza. Taa zinapowashwa, mtazamaji hurejesha shaka ya kwanza mara moja. Ya pili aghalabu haikumbuki, kwa kuwa hakujua kwamba aliiweka kando.

Hoja hii inaupa ugumu mpya msimamo wa W. K. Clifford, mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza, aliyetoa mwaka 1877 insha yake mashuhuri kuhusu maadili ya kuamini. Clifford alitoa mfano wa mwenye merikebu aliyejishawishi kwamba chombo chake kichakavu kingefika salama, akakiruhusu kuondoka na abiria, kikazama. Alidai kwamba mtu huyo ana hatia ya vifo hivyo ijapokuwa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini bila ushahidi. Mwenye merikebu, hata hivyo, alijua kwamba kuna swali mbele yake. Mtazamaji wa mchezo hajui. Haketi kukusanya ushahidi, ameketi kucheka. Kumlaumu kwa kanuni ya Clifford bila kuirekebisha ni sawa na kumshitaki mtu kwa mizigo iliyotiwa gizani ndani ya mkoba wake. Basi ni lazima kuchunguza jinsi mambo yanavyokwenda katika mifano halisi.

Mtazamaji kama chombo kitupu

Kati ya 1935 na 1937 ulifanyika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Jaribio la Sinema za Elimu kwa Wabantu. Ukiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, mradi huo ulitengeneza filamu fupi kuhusu mambo kama maradhi ya safura, kilimo na kuweka akiba posta, na kuzionyesha kwa kutumia magari yaliyozunguka katika makoloni ya Uingereza ya eneo hili. Mwaka 1939 Serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, na mmoja wa viongozi wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi Nijeria, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato ya haraka. Ilimpasa kuonyeshwa picha ndefu, za polepole, zisizo na hila ya kamera.

Watetezi wa nadharia hiyo walipenda kusimulia visa. Kimoja kinahusu wanakijiji walioonyeshwa picha ya mbu aliyekuzwa hadi akajaza kitambaa cha sinema, nao wakasema kwamba hawana haja ya kuogopa, maana mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kilisimuliwa katika nchi mbalimbali, wakati mwingine mbu akigeuka kuwa chawa au nzi, na mahali pa tukio pakibadilika kila mara. Mhakiki wa fasihi simulizi atatambua papo hapo sifa za ngano: muundo mmoja, wahusika wanaobadilika, mahali pasipojulikana. Vilevile atatambua kwamba kuna fasiri nyingine ya jibu la wanakijiji, nayo ni kejeli. Watu waliolazimishwa kumsikiliza afisa wangeweza kabisa kumjibu kwa mzaha ambao yeye hakuuelewa.

Umuhimu wa kisa hiki kwa mjadala wa sasa ni huu. Maofisa waliamini kwamba Mwafrika humeza kila anachoonyeshwa bila kukitafuna. Imani hiyo wenyewe waliipata wapi? Kwa kiasi kikubwa waliipata kutokana na masimulizi waliyosimuliana, yaliyowachekesha, na ambayo hawakuona haja ya kuyahakiki kwa kuwa yalikuwa visa vya kupitisha jioni. Kwa hiyo mfano bora wa hadhira iliyopandikizwa imani kwa njia ya burudani hapa si wanakijiji, ni maofisa. Hili linapasa kumtahadharisha kila anayezungumza kuhusu athari za filamu kana kwamba athari hizo huwapata wengine tu: watoto, wanawake, vijana wa mitaani, watu wasiosoma. Msomi naye hana kinga.

Mtazamaji kama mshindani wa hoja

Mfano wa pili unatoa picha tofauti kabisa. Filamu ya Kihindi Awara, iliyoongozwa na kuchezwa na Raj Kapoor mwaka 1951, ilipendwa mno katika miji ya Afrika Mashariki, Unguja ikiwamo. Ndani yake, hakimu Raghunath anashikilia kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jagga, ambaye hakimu huyo alimhukumu kwa msingi wa nasaba yake, analipiza kisasi: anasababisha mke wa hakimu afukuzwe akiwa mja mzito, kisha anamlea mwana atakayezaliwa katika wizi. Raj, mwana wa hakimu, anakuwa mhalifu. Nadharia ya baba inaangushwa na damu yake mwenyewe.

Filamu hii ilikuta katika lugha ya Kiswahili methali mbili zisizopatana. Moja inasema mwana wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jamii ilikuwa imeishi na zote mbili kwa muda mrefu, kila moja ikitolewa mahali pake. Aliyetaka kukataa posa alikuwa na ya kwanza. Aliyetaka kumlaumu mzazi alikuwa na ya pili. Kilichofanywa na Awara ni kuzikutanisha mahali pamoja na kumlazimisha mtazamaji kuona kwamba haziwezi kuwa za kweli zote mbili. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2018 kuhusu sinema na watazamaji wake katika miji ya Tanzania, ameonyesha kwamba kwenda sinema kulifuatwa na mazungumzo marefu, majumbani na mabarazani, kuhusu mapenzi, utiifu kwa wazazi na haki. Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi; maana ya filamu ilijengwa kwa kusaidiana.

Je, aliyetoka katika ukumbi wa sinema akiwa ameacha kuamini kwamba uovu hurithiwa alipandikizwa imani? Hapana budi kukiri kwamba filamu hiyo inapendelea upande mmoja: mtunzi alipanga matukio ili hakimu aaibike. Lakini mtazamaji alikuwa na methali yake ya kujibia, alikuwa na jirani wa kubishana naye, na alijua nasaba na malezi ya watu halisi mtaani pake ambao angeweza kuwapima kwa kipimo cha filamu. Imani aliyoibakiza baada ya hayo yote ni yake kwa maana kamili, hata kama cheche ya kwanza ilitoka Bombay. Asili ya imani haiamui ni ya nani.

Tiba na sumu katika chupa moja

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi kwa sababu mtungaji hakuficha, angalau kwa wenzake wa kazi, kwamba alikusudia kuwageuza watu. Mnamo Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa mfululizo Twende na Wakati, uliolenga uzazi wa majira na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulifuata mbinu iliyobuniwa na Miguel Sabido nchini Meksiko katika miaka ya 1970: wapo wahusika wema, wapo waovu, na wapo wa kati wanaoyumba, ambao msikilizaji anatarajiwa kujitambua ndani yao na kufuata safari yao hadi upande wa wema. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, aliambukizwa na akafa. Mkewe Tunu alijifunza kujitegemea. Jina la Mkwaju liliingia katika usemi wa kila siku kwa maana ya mwanamume asiyetulia. Kati ya 1993 na 1995 mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha, na matokeo yalionyesha mabadiliko makubwa zaidi ya mwenendo katika maeneo yaliyousikia.

Kwa mtazamo wa afya ya jamii, hakuna cha kulalamikia: watu waliokolewa. Kwa mtazamo wa maadili, swali halikwepeki. Kifo cha Mkwaju kilipangwa ili msikilizaji aogope. Msikilizaji hakuletewa hoja apate kuipima. Aliletewa mtu wa kumchukia, kisha akaonyeshwa mwisho wake. Anayetetea mbinu hii husema kwamba lengo ni jema. Lakini mwezi uleule wa Julai 1993, katika nchi jirani ya Rwanda, ilianza kurusha matangazo stesheni ya RTLM, ambayo nayo ilitumia utani, muziki na mazungumzo ya kirafiki, na ambayo katika mauaji ya halaiki ya 1994 ilichochea na kuelekeza wauaji. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani baadhi ya waliohusika na vyombo vya habari vya chuki. RTLM nayo iliwapa wasikilizaji wake wahusika wa kuwacheka na wa kuwachukia. Ikiwa kinachotofautisha stesheni hizi mbili ni wema wa lengo peke yake, basi kila mchochezi ana utetezi, kwa maana hakuna mchochezi asiyeamini kwamba lengo lake ni jema.

Hapa unahitajika mpaka usiotegemea nia ya mtungaji, na inafaa kupendekeza vipimo viwili. Cha kwanza ni kipimo cha ufichuzi: je, imani hiyo itasimama baada ya mwenye nayo kuelezwa waziwazi jinsi ilivyomwingia? Msikilizaji wa Twende na Wakati akiambiwa kwamba Mkwaju ni wa kubuni na kwamba kifo chake kilipangwa, bado virusi vipo, bado vinaambukiza, na hospitali ya wilaya itathibitisha. Hofu yake ina mguu wa kusimamia nje ya mchezo. Msikilizaji wa RTLM akifichuliwa vilevile, hakuna kinachobaki, kwani jirani yake hakuwa adui ila katika masimulizi. Kipimo cha pili ni cha majibu: je, mchezo ulimwachia mtazamaji nafasi na wenzi wa kuujibu? Awara inafaulu hapa kwa sababu ya baraza la nje ya ukumbi. Redio ya chuki huanza kwa kumtia hatiani anayejibu, ikimwita msaliti.

Kuamini na kuamini kwamba wengine wanaamini

Mfano wa nne unatatiza vipimo hivi na hivyo unastahili uangalifu. Mwaka 2004 ulianza nchini Rwanda mchezo wa redio Musekeweya, yaani mapambazuko mapya, kuhusu vijiji viwili vinavyohasimiana na juhudi za vijana wa pande zote mbili kuupinga uhasama huo. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aliufanyia utafiti, uliochapishwa 2009, ambamo kwa mwaka mmoja baadhi ya vikundi viliusikiliza mchezo huo na vingine vikasikiliza mchezo kuhusu afya. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Imani za binafsi za wasikilizaji kuhusu chanzo cha uhasama hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni maoni yao kuhusu yale ambayo jamii inayaona kuwa yanafaa: ndoa kati ya makundi, kuaminiana, kusema waziwazi mtu asipokubaliana na wenzake. Mwenendo wao nao ulibadilika. Vikundi vilipopewa redio na kaseti ili wavitumie pamoja, waliosikiliza Musekeweya walijadiliana na kuelekea kuvisimamia kwa ushirika, ilhali wale wengine walielekea kumwachia kiongozi.

Matokeo haya yanadokeza kwamba wahakiki wamekuwa wakilitazama suala kwa jicho moja. Imani za mtu ni za namna mbili: anayoyaamini kuhusu ulimwengu, na anayoyaamini kuhusu yale ambayo wenzake wanayaamini. Ya pili ndiyo humwamulia, mara nyingi zaidi, atakachothubutu kukitenda hadharani. Kwa hiyo yumkini mchezo usiuguse moyo wa mtu hata kidogo na bado ukabadilisha maisha ya kijiji kizima. Kwa mantiki hiyo hiyo, RTLM haikuhitaji kumsadikisha kila msikilizaji kwamba jirani yake ni adui. Ilitosha asadiki kwamba wengine wote wameshasadiki.

Imani ya namna hii ina tabia ya ajabu: inaweza kujifanya kweli yenyewe. Watu mia wakiamini kwamba jamii yao imekubali upatanisho, hata kama hapo awali hakuna aliyekubali, wataanza kutenda kama waliokubali, na mwishowe itakuwa kweli. Je, basi mchezo huo uliwadanganya? Jibu limo katika namna walivyousikiliza. Walisikiliza kwa pamoja. Kila mmoja alimsikia jirani akicheka mahali fulani na kuguna mahali pengine; alimwona nani alinyamaza na nani aliomboleza. Ushahidi kuhusu mioyo ya wenzake haukutoka redioni tu, ulitoka katika nyuso zilizokuwa mbele yake. Mchezo uliwapa sababu ya kuonyeshana walichokuwa wakifichana. Imani iliyopatikana kwa njia hiyo inafaulu kipimo cha ufichuzi. Lakini mtu anayetazama peke yake, kama wengi wanavyotazama leo katika simu ya mkononi, hana uso wa jirani wa kumshuhudia. Akiuliza wenzake wanaamini nini, atajibiwa na mchezo wenyewe. Hatari ya wakati huu imo zaidi katika upweke wa mtazamaji kuliko katika maudhui ya filamu.

Kicheko kisicho na mwandishi

Mifano iliyotangulia ina mtu aliyekusudia jambo. Iliyo mingi zaidi haina. Katika mchezo Vitimbi, uliorushwa kwa miaka mingi na televisheni ya taifa nchini Kenya, mhusika Mzee Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na lafudhi hiyo ilikuwa sehemu ya kicheko. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo; wapo watazamaji wengi waliostaajabu walipolijua hilo. Hakuna aliyeketi akapanga kuwafunza Wakenya kwamba watu wa kabila fulani huzungumza na kufikiri namna fulani. Mzee Ojwang' alipendwa na watu wa makabila yote, Wajaluo wakiwamo. Hata hivyo, katika nchi ambamo lafudhi ya mtu humtambulisha anapoomba kazi, na ambamo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kutambulikana kabila kuliweza kumgharimu mtu maisha, si upuuzi kuuliza ni nini hujikusanya akilini baada ya miaka mingi ya kuicheka lafudhi. Haba na haba hujaza kibaba.

Hapa mtungaji hana hatia ya kusudi, wala haifai kumtaka msanii aache kuchekesha. Dola imejaribu njia ya kupiga marufuku, na historia yake haitii moyo. Novemba 1977 leseni ya kuonyesha Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuigizwa na wakazi wa Kamĩrĩthũ, Limuru, ilifutwa. Desemba ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mdhibiti huyo aliamini kile alichokiamini Sellers: kwamba watazamaji ni vyombo vitupu na kwamba kuna mtu anayewamiminia. Ukweli ni kwamba mazoezi ya tamthilia hiyo yalifanyika hadharani, na wanakijiji walimsahihisha mwandishi kuhusu maisha na lugha yao. Waliokatazwa kuiona ndio waliokuwa wameshiriki kuitunga. Marufuku haikuondoa imani yoyote. Iliondoa mahali pa kuijadili.

Hitimisho

Ikiwa mtungaji mara nyingi hana kusudi, na mdhibiti hana tiba, mzigo unarudi kwa mtazamaji. Mzigo huo si ule wa Clifford. Haiwezekani kumtaka mtu adai ushahidi katikati ya kicheko. Anayefanya hivyo hatazami tena mchezo, na mapatano ya kale kati ya mtambaji na hadhira yatakuwa yamevunjwa na hadhira. Uwongo uliokaribishwa una haki ya kupewa kiti.

Waswahili, hata hivyo, wana kanuni kuhusu wageni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba halaumiwi kwa kuwa mgeni amebisha hodi, wala kwa kuwa aliyealikwa amekuja na mwingine asiyealikwa. Atalaumiwa akimwacha huyo asiyealikwa akae miaka bila kuulizwa atokako na kazi aifanyayo. Imani iliyoingia kwa njia ya mchezo iko katika hali hiyo. Siku mtu anapoitegemea katika jambo linalomhusu mwingine, anapomkataa mchumba, anapomnyima mtu kazi, anapomtilia shaka jirani, siku hiyo ndiyo ya tatu. Anawajibika kuiuliza ilikotoka, kuilinganisha na watu anaowajua, na kuisema mbele ya anayeweza kumpinga. Ikishindwa, na iondoke. Ikifaulu, ni yake, na hana tena ruhusa ya kusema kwamba ulikuwa mchezo tu.

Kwa mtungaji, wajibu unaofuata ni kutomnyima mtazamaji siku hiyo ya tatu. Anayetunga ili kufunza hana dhambi, mradi asichelee kufichua jinsi alivyofunza, na mradi asimfanye mjibuji kuwa adui. Kwa mhakiki na mwalimu wa fasihi, yapo yanayopaswa kuzingatiwa pia. Uhakiki umezoea kuuliza kazi fulani inasema nini na kwa fani gani. Inafaa uongeze swali kuhusu nini hubaki baada ya kazi kwisha, kwa nani, na kama palikuwapo mtu wa kuulizana naye. Darasa la fasihi ni mojawapo ya mabaraza machache ambamo swali hilo bado linaweza kuulizwa kwa sauti, mbele ya nyuso za wengine.